Kufuli la Chumba cha Baridi

Muuza nyama alirudi mara ya tatu kulishika lile kufuli. Alilivuta, likagoma. Akalivuta tena. Alikwisha kufika getini mara tatu, na mara zote tatu miguu ilimgeuza.

Wiki iliyopita alisahau kufunga chumba cha baridi, nyama ya ng'ombe wawili ikaoza. Tajiri hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukirudia, usihangaike kuja kazini." Tangu hapo kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja: mlango.

"Shemeji, acha hiyo bangi," kaka wa mkewe alimwambia asubuhi, akitundika koti lake zito la kuingilia baridini kando ya lile la mwenzake. Walifanya kazi wawili tu pale, na huyo shemeji ndiye aliyemtafutia muuza nyama nafasi. "Umekuwa kama kuku aliyeona mwewe."

"Inanituliza."

"Inakutuliza wapi? Jana umenitilia chumvi kwenye chai! Dada yangu ana mimba ya miezi minane, bwana. Ukifukuzwa, mtakula bangi?"

"Nikiikosa, moyo unanigonga mpaka nausikia masikioni."

"Na ukiivuta?"

Aligeukia gogo la kukatia nyama. Akiivuta, ulimgonga zaidi.

Mchana, kabla ya kufunga duka mpaka Jumatatu, alijificha nyuma ya ukuta akavuta haraka haraka, mpaka vidole vikaungua. Aliporudi hakuona mtu. Kisu cha shemeji kilikuwa juu ya gogo, hakijaoshwa. Na mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi shubiri nzima.

Jasho lilimtoka. Ananitega, aliwaza. Kaondoka kaniachia wazi makusudi, nifukuzwe, amrudishe dada yake kwao. Aliusukuma mlango kwa bega, akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Hapo ndipo moyo ulipoanza. Du. Du. Du.

Na sasa, mara hii ya tatu, ulidunda kwa nguvu kuliko wakati wowote. Aliegemea mlango, akausikia mpaka mgongoni. Mwishowe akaketi kwenye kreti akafanya kama shemeji yake alivyomfundisha: fumba macho, vuta pumzi, toa polepole, hesabu mpaka mia. Alihesabu mia, akarudia, akarudia tena, mpaka akaacha kujua amehesabu mia ngapi. Mdundo ukapungua. Ukawa mmoja mmoja. Ukakoma.

Alitabasamu. Kumbe shemeji ana akili. Jumatatu atamwomba radhi.

Aliweka kiganja kifuani, kuhakikisha. Moyo ulikuwa unakwenda mbio.

Akafumbua macho. Kwenye misumari miwili ukutani, koti lilikuwa moja.