Mkono Uliohusika

Ndama wa Atuganile alikufa kwa kuhara akiwa na siku nne. Kwa sheria ya siku hizo, ndama hazikwi mpaka mashine ya zizini iambiwe sababu ya kifo na mkono wa nani umehusika, na anayetajwa hufungiwa zizi mwaka mzima. Jibu la "kazi ya Mungu" lilishafutwa kitambo.

"Kuhara," Atuganile alisema.

"Alikosa dang'a," mashine ilijibu, maana ilisoma kila kitu kwenye hereni ya ndama. "Mkono wa nani?"

Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, Atuganile aliyachemsha yote kumpokea mama mkwe wake, bibi Tusekile, aliyetoka hospitali.

"Nitaje mimi, mwanangu," bibi alisema. "Si mimi niliyeyanywa? Ukifungiwa wewe, nani atakamua?"

Atuganile aliinamisha kichwa, akalitaja jina la mkwewe. Ndama akazikwa.

Asubuhi bibi alikuja na kigoda chake kukaa na ng'ombe kama alivyozoea miaka arobaini, mlango wa zizi ukakataa kumfungukia. Akakaa nje, akimwimbia ng'ombe kupitia upenyo wa mbao, na ng'ombe akawa anageuza shingo kuitafuta sauti.

Ndani, Atuganile alikamua bila kuinua uso. Siku ile ya kutoka hospitali, bibi alikuwa amekishika kikombe cha dang'a bila kunywa, akauliza, "Ndama ameshiba, mwanangu?"

Naye alimjibu, "Ameshiba, mama. Kunywa."