Laini Isiyosikilizwa

Shamsudin alikificha kidole mfukoni kama mtoto anayeogopa sindano.

"Weka bwana," Rukia alimhimiza, mashine ya kusajilia laini mkononi. "Mimi dada yako nikuuze?"

Tangu arekodi mazungumzo ya wakubwa waliowapora wachimbaji wa dhahabu mashimo yao kule Chunya, Shamsudin alikuwa ameivunja laini yake na kujificha Rujewa, akibeba magunia kwenye mashine ya mpunga, mpaka leo Rukia alipomwita kibandani kwake. Mama yao, huko Iringa, hakuwa ameisikia sauti yake tangu masika. Hakujua kama mwanawe yu hai.

"Dada, simu ndiyo itakayonizika."

"Hizo za wengine. Hawa wamekataa."

Kweli walikataa, na nchi nzima ilisikia. Serikali ilipoleta sheria ya kusikiliza simu za watu, kampuni nyingine za simu zilifyata mkia. Hii ya kina Rukia peke yake ilikwenda mahakamani kuipinga. "Siri ya mteja ni amana," mkurugenzi wake alitamba redioni.

Toka siku hiyo kibanda cha Rukia pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, hakikupumua. Waandishi wa habari, mawakili, viongozi wa wafugaji, kila mwenye la kuficha alihamia huku. Rukia alitembea kifua mbele. Kuuza laini hakujawahi kumpa heshima namna hii. Hata meneja wao, Gideoni, aliacha kuwasumbua mawakala kwa habari za mauzo.

"Wenye hofu ndio muwahudumie kwanza," aliwaambia. "Asibaki nje hata mmoja kabla ya hukumu."

Shamsudin akashusha pumzi, akaweka kidole. Laini ilipokubali tu, akampigia mama yake. Kilio cha furaha kilichotoka kwenye ile simu kilisikika mpaka nje ya kibanda, na Rukia naye akalia bila kuona haya.

Jioni Rukia alipanda ofisini kumshukuru Gideoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Meneja alikuwa akizungumza kwenye simu, amesimama wima, kofia mkononi.

"Ndiyo, mzee. Hata yule wa Chunya, tumempata leo mchana. Sasa wote wako kwetu."

Akasikiliza kidogo, akiitikia kwa kichwa.

"Sawa, mzee. Basi kesho tushindwe kesi."