Nyusi ya Kushoto ya Arla Stegall

Kwenye choo cha wanawake pale mnadani, Arla Stegall alijitazama kiooni, akajaribu tena. Nyusi ya kulia ikapanda. Ya kushoto ikalala palepale kama mbwa aliyeshiba.

"Amka, shetani wee!" akaifokea. Wapi!

Ukitaka uzuri sharti udhurike, lakini wahenga hawakusema udhurike wiki ya mnada. Arla alikuwa amekwenda mjini Tulsa kimyakimya kukazwa ngozi ya paji la uso, akarudi na mshipa wa fahamu uliolala na ganzi kuanzia nyusi hadi utosini.

"Utaamka wenyewe," daktari alimwambia. "Ila kwa ganzi hiyo, huenda wewe mwenyewe ukawa wa mwisho kujua."

Arla hakucheka. Kwenye mnada ule wa mifugo hakuna anayenyoosha mkono. Huyu hugusa pua, yule hukuna sikio, na dalali Dub Castleberry huzijua ishara za wote, wala hamtaji mtu mpaka nyundo igonge. Ishara ya Arla, tangu usichana wake, ilikuwa nyusi ya kushoto.

Na leo kaka yake alikuwa anamuuza Pecan, farasi jike wa baba yao. Mzee yuko kwenye nyumba ya wazee, kawasahau wanawe wote, ila Pecan akiletwa dirishani humwita kwa jina. Na anayenunua farasi wazee pale ni Hoyt Tackett, mtu wa machinjio.

"Nitanunua mimi," Wendell, mumewe, alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Nitasimama kule nyuma, niwe nagusa kofia. Lakini mwambie Dub habari ya nyusi."

"Nimwambie nimekwenda kunyooshwa uso? Kaunti nzima initanie mpaka Krismasi? Thubutu! Wewe gusa kofia yako. Ila hela ya majani ya kulishia wakati wa baridi usiiguse, Wendell. Tukifika hapo, vua kofia, yaishe."

"Sawa, mama."

Pecan akaingizwa uwanjani, kichwa chini. Arla alikaa mstari wa mbele, benchi moja na Hoyt. Dub akaanza kuimba bei kwa ile kasi yake ya cherehani. Macho yake yakaenda nyuma, kwa Wendell. Yakarudi mbele, kwa Hoyt. Nyuma. Mbele. Nyuma tena.

"Arla," Hoyt akamnong'oneza, meno nje, "leo unashangaa nini?"

Mwanaharamu, ananicheka uso, Arla akawaza.

Bei ikazidi kupanda. Kila Dub alipotupa macho mbele, Arla naye akaisukuma nyusi yake bila kutaka, kama abiria anayekanyaga breki asiyokuwa nayo. Hakuhisi kitu. Paji lilikuwa ubao mtupu.

Hela waliyouzia ndama ikapitwa. Hela waliyoweka ya trela ikapitwa. Hoyt alikuwa anatafuna njugu, mtulivu kabisa, na Arla akatamani kumnyonga. Mtu gani huyu, anunue mifupa kwa bei ya dhahabu?

Akageuka nyuma. Wendell alikuwa ameloa jasho. Akagusa kofia mara moja zaidi, polepole, kisha akaivua, akaikumbatia kifuani.

Basi. Wamefika kwenye majani.

Macho ya Dub yakarudi mbele. Mwachie, Hoyt, Arla akaomba moyoni. Mwachie mzee kitu kimoja tu anachokikumbuka. Akamkazia Dub macho, uso mzima ukisihi, maana hakuwa na lingine la kufanya.

Dub akaitikia kwa kichwa. Akatazama nyuma. Wendell, kichwa wazi, akatikisa: hapana.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Nyundo ikagonga. Arla akaufunika uso kwa mikono yake, akalia bila aibu mbele ya watu. Kwaheri, Pecan. Atamwambia nini mzee?

"Ameuzwa!" Dub akanguruma. "Ameuzwa kwa Arla Stegall! Na wewe Wendell, bwana, Hoyt kajitoa tangu bei ya pili, mkabaki nyinyi wawili. Mmegombana nini nyumbani, wewe na mkeo?"

Arla akaondoa mikono usoni, na nyusi zikapanda zote mbili.