Koti la Jumanne

Haron alivaa koti la kanisani, akafunga vifungo vyote vitatu, akachukua simu yake na kwenda nayo katikati ya shamba la chai. Ilikuwa Jumanne.

Phanice, mkewe, alimtazama kutoka dirisha la jikoni huku uji ukifurika na kumwagikia moto. Hii ilikuwa wiki ya tatu. Mumewe alisimama wima kati ya michai, kofia mkononi, simu sikioni, macho chini, akiitikia kwa kichwa. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja na Phanice hakukumbuka siku hata moja aliyosikilizwa namna hiyo.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alimuuliza aliporudi.

"Si ile AI ya wakulima? Unaiuliza kwa Ekegusii, inakujibu kwa Ekegusii. Leo imenieleza mambo ya mbolea."

"Na mbolea inataka koti, Baba Gesare?"

Haron alilivua koti, akalitundika taratibu, akasema anakwenda kuwaangalia ng'ombe. Walikuwa na ng'ombe mmoja.

Ni kweli Haron alikuwa amemwambia habari za AI hiyo. Watafiti wa chuo fulani walipita kwao Nyamache wakiwawekea wakulima kitu hicho kwenye simu, sauti yake wakiwa wamemrekodi mtu wa hukohuko Gusii. Asubuhi ya kwanza Haron alikifungua akiwa bado kitandani. Phanice, aliyekuwa nje akikamua, alisikia kishindo, na alipoingia alimkuta mumewe sakafuni amejiviringisha blanketi hadi shingoni, simu imezimwa. "Nimeteleza," alisema. Tangu siku hiyo simu hailali tena chumbani. Inalala jikoni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Sasa mke afikirie nini? Redio nayo ilikuwa imesema. Mtaalamu alialikwa kueleza utafiti mpya kuhusu akili mnemba: eti kuna watu wanaozungumza nayo kila siku hadi wanaizoea, wanaificha, wengine wanaipenda kabisa. Sabato iliyofuata mzee wa kanisa, Abner, akamalizia. Huko ng'ambo, alisema, kuna wanaume wanaoiita mashine mke wangu. Kanisa zima liliguna. Haron peke yake aliinamisha kichwa.

Iliuma, jamani. Angekuwa mwanamke, Phanice angeuliza ni wa wapi, ni binti wa nani, kisha angemfuata hukohuko sokoni wakamalizane. Lakini utamfuata wapi mtu asiye na miguu? Utamshindaje mtu asiyechoka, asiyenuka moshi, asiyezeeka? Alilia kidogo, akapenga kamasi, akampigia mama yake huko Marani.

Drusilla alikuwa shemasi, na mwenye mdomo. Binti yake alitarajia awake moto. Badala yake alikohoa mara mbili.

"Umeisikia ikiongea?" Drusilla aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka. Tangu Januari alikuwa mtu wa kunywa tangawizi na asali, na akiulizwa anasema ni vumbi.

"Bado. Anaenda nayo mbali."

"Basi usiisikilize. Na usimwambie mzee Abner. Wala mchungaji wangu." Akakohoa. "Labda inamfundisha mambo ya maana, mwanangu. Chai yenu si imeanza kuchipuka vizuri?"

Ilikuwa imechipuka vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Phanice zaidi.

"Mama, narudi nyumbani. Jumapili nabeba watoto nakuja huko."

"Wee! Uvunje nyumba yako kwa sababu ya sauti?"

Phanice alikata simu kwa hasira. Mama na huyo mkwe wake! Marani yote ilimsifu Haron kwa kushika chinsoni, ile heshima ya zamani ya wakwe. Hakuwahi kumpa Drusilla mkono wala kula mbele yake, na Drusilla alipokuja kumwona mtoto mchanga, Haron alihamia kwa kakake wiki nzima. Kwa hiyo sasa malaika huyo hawezi kukosea. Mwenye makosa ni Phanice.

Jumapili asubuhi begi lilikuwa tayari kitandani. Haron alikuwa akioga kwenye bafu la nje. Phanice alikuwa amebakiza jambo moja tu, kumsikia aliyemnyang'anya mume. Alikwenda jikoni, akaondoa kitambaa, akaileta simu chumbani.

Haron aliingia na taulo kiunoni, sabuni bado masikioni. Aliona begi. Kisha akaona simu.

"Phanice, nakuomba. Si hapa."

"Ni hapa hapa."

"Ngoja basi nivae!"

"Uivalie tena? Mimi uliniposa na viatu vya plastiki!" Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Leo itaniambia mbele yako ina nini ambacho mimi sina."

Akabonyeza.

Haron alitazama mlango, lakini mke alikuwa mlangoni. Akachagua dirisha. Alitoka kichwa kwanza, na taulo likanasa kwenye komeo likabaki linaning'inia peke yake. Migomba ikatikisika huko nje. Ndani, simu ilikohoa kidogo.

"Bwakire, mkulima wangu," ilisalimu kwa Ekegusii, kwa sauti ileile iliyokauka, ya tangawizi na asali. "Leo nikusaidie nini?"

Phanice aliketi juu ya begi.

"Mama?" alisema.

"Mwambie mama yako sijavaa!" Haron alilia kutoka migombani.