Kiti cha Saa Nne

Siku fundi wa mashine ya leza alipokuja kupima chumba cha mume wangu, nilimpelekea uji, maana alikuwa ametoka mbali. Nikaketi kumsubiri anywe, na mashine ikanihesabu mimi na pumzi zangu pamoja na kitanda. Sheria ni kwamba chumba hupimwa mara moja tu.

Kila asubuhi saa nne leza humulika damu ya Baba Tusekile na kuzitikisa molekuli za dawa mpaka zikatike mahali panapotakiwa. Pumzi zangu zikikosekana chumbani, molekuli zinakatikia pengine na kuwa sumu. Akikosa dawa siku moja, hafiki jioni. Huu ni mwaka wa tatu nakaa kwenye kiti hiki.

Tusekile wetu anajifungua wiki hii, huko Sumbawanga. Mtoto wa kwanza alimpoteza akiwa peke yake. Jana alipiga simu. "Mama, njoo hata siku mbili tu." Baba yake alisikia.

Leo nilimkuta amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani.

"Umependeza, unakwenda kuoa?" nilimtania.

"Wewe ndiye unayekwenda. Basi linaondoka saa tatu."

"Na dawa?"

"Mama Tusekile, nimeishi vya kutosha. Nenda kwa mtoto."

Alikuwa amenifungia mkoba mwenyewe, na juu ameweka kanga mpya ya kumpokelea mjukuu.

Saa tatu nilisikia honi ya basi stendi. Saa nne kasoro nikaketi. Taa ya leza ilipozimika, aligeukia ukutani, na kwa mara ya kwanza hakuniambia asante.