Sakafu Ilipomuuliza Baba

Sakafu ya jikoni, yenye king'ora cha kuhisi mtu akianguka, ililia kwa ukali, nami nikakimbilia huko. Nilimkuta Bibi juu ya mbuzi, anakuna nazi.

“Siku hizi kukaa nako ni kuanguka, mume wangu?” akanitania.

Sheria inataka mzee akianguka nyumbani ahamishiwe makao ya wazee. Kabla ya kuita gari, sakafu humuuliza mwenye nyumba. Ikamuuliza baba, aliyekuwa amesimama mlangoni akimtazama mama yake akikuna.

“Ndiyo,” baba akajibu. “Ameanguka.”

Bibi akaacha kukuna. “Athumani! Nami nakutazama?”

“Utatunzwa vizuri, mama.”

Nikampita baba kwa kikumbo, nikatia komeo mlango wa nje.

“Bibi, endelea na nazi yako,” nikasema kwa sauti. “Wenye gari wakija watanikuta mimi. Hutoki humu nikiwa hai.”