Vumbi Kwenye Paneli za Kanisa

"Huyo tena yuko juu," mshonaji alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Waambie wenzako wa kanisani, mimi sijaolewa na paa."

Wifi yake, mhazini wa kanisa, akacheka. Gauni alilolifuata lilikuwa begani tayari, lakini umbea ulikuwa bado wa moto. Ng'ambo ya ukuta, kwenye paa la kanisa lililoinamia ua wa mshonaji, fundi wa sola alikuwa anafuta paneli taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga. Kila asubuhi yuko hapo. Mgane mzima, na shati la kupandia paa limepigwa pasi!

"Anakuchungulia, wifi."

"Ndiyo kero yenyewe. Umeniletea chaki?"

"Juzi tu nimekuletea boksi zima. Unazitafuna?"

"Nguo nyingi, mama. Weka hapo."

Jumapili, baada ya ibada, kamati ikaketi. Mshonaji naye aliitwa, aje kutoa malalamiko yake. Mhazini akaanza na la umeme: kampuni imebadilisha bei. Umeme wa mchana unaolizidi kanisa, sasa wanauchukua kwa bei ya kutupa. Jioni kwaya ikiwasha taa, wanaliuzia kanisa wa kwao kwa bei inayouma.

"Yaani tunawasugulia sufuria, wapike wao," alisema. "Mambo ya kupanda paa kila siku basi. Mvua itaziosha."

Fundi akazungusha kofia mikononi. "Mama mhazini, vumbi la pale si la kuachia mvua. Barabarani kwetu vumbi ni jekundu, lakini paneli zinashika jeupe. Tena upande mmoja tu."

"Upande upi?" mchungaji aliuliza.

"Wa... wa huku kwa jirani."

Kamati nzima ikashikwa na kikohozi.

"Fundi, baba," mhazini alisema, "sema tu utalikosa paa."

Fundi aliitazama kofia yake kama mtu aliyeambiwa ahame nyumba.

Mshonaji akasimama, mikono kiunoni. "Nimekuja kulalamika, na bado nalalamika. Lakini kama umeme wa mchana mnaumwaga, vuteni waya mpaka kwangu. Cherehani zangu zinafanya kazi mchana. Nitawalipa vizuri kuliko hao wa kampuni. Ila sinunui umeme wa paneli chafu."

"Na kuchunguliwa je?" wifi yake aliuliza.

"Nitafanyaje? Biashara ina machungu yake."

Mchungaji akaona ni neema, akafunga kikao kabla mtu hajabadili mawazo.

Mlangoni, fundi alimngoja mshonaji apite. "Nitakuja mapema, mama. Wala hutajua kama nipo."

"Nitajua," alijibu kwa ukali, akampita.

Kesho yake waya ukavutwa. Kazi ilipoisha jioni, fundi aliacha paneli zinang'aa, akashuka, akaaga kwa mbali. Mshonaji alimwitikia kwa kichwa, akangoja hadi sauti ya nyayo zake ipotee.

Kisha akafunga lango, akaisogeza stuli ukutani, akapanda. Akafungua kiganja kilichojaa chaki iliyosagwa, akakielekeza paani, akapuliza.